Mchuzi Ambao Hukuuonja

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na niliyemkasirikia ni wewe. Utanisamehe, najua, hukuwahi kukaa na kinyongo hadi chai ipoe.

Nimeolewa, Baba. Na yule yule Hafidh uliyemlisha samaki alipokuja kuposa. Tunakaa Parklands, chumba kimoja ghorofani na jiko la mafuta taa, na kila akirudi kutoka ofisini moyo wangu hutangulia mlangoni. Ananiita "nuru ya jicho langu" mbele ya majirani, hata haya hana! Ningekuwa mke mwenye raha kuliko wote Nairobi hii, kama si samaki wako.

Maana hajamsahau. Tukiwa fungateni aliniambia, "Siku moja unipikie yule samaki wa mzee." Nami, kwa mapenzi na ujinga, nikamjibu kuwa ni kazi ndogo. Akampelekea habari mama yake Mombasa kwamba akija Ramadhani ataonja upishi wa marehemu. Mama mkwe, Baba! Aliyetaka mwanawe aoe kwao, na aliyekwisha kusema kuwa wasichana wa Nairobi wanajua kupiga taipu tu.

Nikaanza kujaribu tangu Shaabani. Nilinunua samaki tewa soko la mjini, nikampangusa mpaka akakauka, nikapasha siagi. Akang'ang'ania kikaango, akameguka. Ulikuwa ukisema, "Muache alale, akiwa tayari atanyanyuka mwenyewe." Atanyanyuka lini? Na mchuzi! Hotelini ulikokuwa mpishi mlitia divai, nyumbani ulitia maji ya zabibu kavu na ndimu, ukisema, "Mchuzi wa wazungu, dhambi tumewaachia." Nilicheka. Laiti ningeuliza kiasi badala ya kucheka! Na siku moja niliyouliza, ulisema "kidogo." Kidogo cha nani, Baba? Nilionja, mchachu, nikatia sukari, ukawa sharubati, nikatia chumvi, nikaonja tena, mpaka ulimi ukachoka usijue kitu. Hafidh alimaliza sahani akisema ni mtamu, maskini, huku mkono ukitafuta maji. Nikamkasirikia hata yeye. Nikalia juu ya masufuria. Mbona uliondoka kabla hujanifunza? Mbona...

Basi. Jana mama mkwe akafika.

Alikaa karibu na mlango wa jikoni na tasbihi yake, akinitazama mikono. Nimefunga, samaki yuko motoni, na mchuzi siwezi kuuonja. Wenzangu huonja kwa ncha ya ulimi wakatema; mimi mbele yake sikuthubutu. Nikasema moyoni, leo nimekwisha. Nikainama juu ya kikaango kama mtu anayeomba radhi.

Hapo ndipo nilipokukumbuka, umeinama hivi hivi, macho umefumba. Miaka yote ile hotelini ulipikia divai bila tone kugusa ulimi wako. Ulipika kwa pua! Na nyumbani vilevile, mchuzi ule hukuuonja mpaka umekaa mezani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuonja hadi kuuharibu.

Nikafumba macho. Nikamwacha samaki. Akanyanyuka mwenyewe, wallahi. Nikamtoa, nikamimina maji ya zabibu. Ukali ukapanda puani, nikangoja. Ukali ukashuka, ikaja ile harufu ya shati lako jeupe ulipokuwa ukirudi kazini. Nikaepua.

Hafidh alikuwa akipanda ngazi. Nilisikia viatu vimesimama, kisha akaita kwa furaha, "Mzee amekuja?" Halafu akakumbuka.

Adhana ilipolia tukafungua kwa tende, kisha tukala. Mama mkwe aliufuta mchuzi wote kwa mkate, sahani ikang'aa. Akasema neno moja tu: "Chumvi imepungua, mwanangu."

Ilikuwa imepungua kweli. Hata wako ulikuwa hivyo, Baba, na Mama akikulalamikia kila mara.

Lala pema, mpishi wangu. Hasira zimeniisha, karibu zote. Nakuahidi nitampikia Hafidh samaki huyu mpaka tuzeeke. Na chumvi sitaongeza.

Binti yako,
Zuhura