Siku Niliposhuka Garini

Mjukuu wangu Tumaini,

Amani ya Bwana ikukute huko Mbeya. Sisi hapa Kalenga tumo katika palizi. Babu yako anasumbuliwa na miguu, nami nimechoka. Umeniuliza utawakatalia vipi wenzako wakikushawishi kunywa pombe kwenye sherehe ya Krismasi ya ofisini.

Miaka ya sabini nilikuwa karani mjini Iringa. Sherehe yetu ilipokwisha, tulipanda gari la ofisi turudi nyumbani. Dereva alikuja kikombe kingali mkononi.

“Kaka, umekunywa,” nilimwambia.

“Ulanzi wa asubuhi huu, dada. Mtamu tu, hata watoto wanakunywa.”

Lakini ulanzi huo, pombe ya mianzi, ulikuwa umeshinda juani, umekwisha kuchacha, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikashuka.

“Mlokole huyo atafika Pasaka,” mmoja akasema, wakacheka.

Sikuwa nimefika mbali niliposikia nyayo nyuma yangu. Alikuwa Atupele, mpiga chapa wetu, mjamzito, viatu mkononi.

“Niliogopa tangu mwanzo, dada,” alisema. “Nilikuwa nangoja mtu ashuke kwanza.”

Huenda na ofisini kwenu yupo anayengoja hivyo.

Nakukumbuka katika sala,
Bibi yako