Mijusi wa Dirishani kwa Mama

Jumatatu, 3 Juni
Mjusi tena! Safari hii ndani ya kikapu cha vitambaa. Nimeruka hadi cherehani ikatikisika. Kichwa chekundu, mwili wa samawati — kama aliyeazima nguo kwa watu wawili. Mume wangu kasema atanunua dawa awamalize wote. Nikasema afadhali.

Mama mkwe yuko vilevile. Tangu apooze upande mmoja hajatamka neno, anatazama ukuta tu. Leo nimemgeuzia kitanda dirishani, angalau apate hewa.

Jumatano, 5 Juni
Nilikuwa namlisha supu. Macho yake yakanipita. Nikageuka — yule kichwa chekundu, juu ya kizingiti cha dirisha, anapiga pushapu kama kuruta aliyekosa. Mama akacheka. Mdomo upande, sauti kama bawaba kavu, lakini kicheko! Nimelia na bakuli mkononi.

Alhamisi, 6 Juni
Mume wangu karudi na dawa. Nikamsimulia, akasema labda Mama alikohoa tu. Akaingia chumbani na bomba la kupulizia. Mama akainua mkono mzima, ule wa kushoto. Midomo ikahangaika, ikahangaika.

"Mwache."

Mume wangu alikaa sakafuni palepale, akamshika mama yake miguu. Baadaye dawa kairudisha dukani mwenyewe.

Asante, Mungu wangu. Na wewe mjusi, asante, ingawa huna haya.

Jumapili, 9 Juni
Maneno yanakuja moja moja. Maji. Funga. Baridi. Wifi kaja kumjulia hali, akaanza: nyumba imegeuka pori, mijusi hadi kwa mgonjwa, mimi nafanya nini kutwa? Mama ndiye aliyemjibu: "Nyamaza." Nilikimbilia jikoni kucheka.

Jumanne, 11 Juni
Mjusi hajaonekana tangu asubuhi. Mama kauliza, "Yuko wapi?" Maneno mawili kwa mpigo! Nikamwambia huenda anaota jua ukuta wa nje. Nikarudi kwenye gauni la mteja.

Kitanda kikalia. Kuchungulia — kashusha miguu yote miwili, kashika nondo ya dirisha. Nikamkumbusha kuwa daktari alikataza asisimame peke yake. Akatikisa kichwa. Nimempigia mume wangu, anakuja. Nimekaa karibu yake, naandika tukimsubiri. Mama anahema, anatazama mlango, siyo ukuta.

Sasa kanigusa bega. "Nishike. Twende nje."

Naweka kalamu —