Picha ya Mama Kwenye Magunia

Jumatatu, 4 Mei 1998

Mvua tangu alfajiri. Umeme uliporudi nikaendelea kupanga kijitabu cha mpunga kwenye kompyuta ya chama cha wakulima. Asukile, msimamizi wetu wa Mbeya, akapiga simu: kila picha ionyeshe mwenyewe ni nani na ametoa ruhusa gani, la sivyo toleo jipya halitoki. Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba zote zetu.

Uongo. Michoro ya kijitabu ni ya baba mkwe. Mume wangu Lugano aliitoa sandukuni, akasema ni vitu vya nyumbani tu. Na toleo la kwanza limeshasambaa. Ukurasa wa mbele niliandika mwenyewe: ruksa kwa yeyote kunakili, kubadili na kuuza. Nilijiona mkarimu. Ukarimu wa mali ya mtu.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda Kasumulu, mpakani, kufuata wino wa printa. Dukani kwa Salumu, mfanyabiashara wa mchele, magunia mapya. Juu yake mchoro wetu: mwanamke anapeta mpunga. Ni mama mkwe, marehemu. Mchukuzi amemkalia usoni, anatafuna muwa.

Nilitamani ardhi inimeze. Salumu hakuwa mkali. "Dada, si mmeandika wenyewe ruksa kwa wote?"

Tumeandika.

Ijumaa, 8 Mei

Gunia limefika Ngana, kijijini kwa baba mkwe. Baba mkwe ameliona kwa jirani, limetandikwa chini, limeanikiwa mpunga. Lugano anasema mzee hajagusa chakula.

Mkamwana wa Kinyakyusa hasemi na baba mkwe wala hakutani naye uso kwa uso. Ndiyo sababu yangu ya kutoomba ruhusa. Sababu gani! Ujumbe hutumwa. Nimeshatuma wa chumvi, wa dawa, hata wa kuku aliyepotea. Huu sikutuma kwa kuogopa angekataa. Nimejificha nyuma ya mila kama mwizi migombani.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya ibada nilikwenda kwa baba mkwe na shangazi yake Lugano. Nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, shangazi akapeleka maneno yangu, ingawa mzee aliyasikia yote. Jibu likaja: "Michoro mingine atumie, aandike jina langu. Huyu nilimchora nimtazame mimi."

Kisha akasema ndaga, asante kwa kuja. Heri angenitukana.

Jumanne, 12 Mei

Nimeufuta mchoro wa mama mkwe. Kompyuta ikagoma kuunganisha kitabu, inadai picha isiyokuwepo. Nikaiondoa kila ilipotajwa. Jina la mzee liko chini ya kila mchoro uliobaki. Nimemwambia Asukile ukweli, akasema sawa. Salumu hatachapa magunia mengine, ingawa haki alikuwa nayo. Yaliyovuka mto Songwe kwenda Malawi hayarudi.

Alasiri nikamwona baba mkwe njiani, amebeba magunia matupu aliyoyaomba kwa majirani, ameyakunja picha ikiwa ndani. Nikatoka njiani, nikampa mgongo kama mila inavyotaka. Hata isingetaka, ningefanya hivyohivyo.