Yowe Lililotoka Spikani

Kijiji cha Ujamaa, Mbalibali,
Serengeti.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Namwomba Mola barua hii ikukute umeketi na goti limepoa. Kama bado linauma, mwambie dada Rehema akukande kwanza kwa maji ya moto ndipo akusomee, maana habari ni ndefu. Mimi ni mzima kabisa. Mafuriko mliyoyasikia huko Pangani ni kweli yalipita kwetu, na ni kweli yalibeba nyumba. Lakini usilie, mama. Hakufa mtu hata mmoja, na mwanao ana sehemu yake katika jambo hilo. Leo niache nijisifu kidogo.

Niliwahi kukuandikia kwamba nimeletwa hapa kutunza simu ya upepo. Ni sanduku la chuma linalotumia betri ya gari. Unabonyeza kidude, unasema, ukimaliza unatamka "ova", na mtu wa mbali anakusikia bila waya wowote kati yenu. Mwenzangu yuko kituo cha kupima maji, juu mtoni, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kwa utundu wangu nikaunga spika kubwa na kuitundika juu ya paa la ofisi ya kijiji, watu wapate kusikia maongezi. Mwenyekiti wetu, Mzee Marwa, alinicheka akiniita mura, yaani kijana kwa lugha yao: "Mura, hiyo sanduku yako inaongea kushinda mlevi."

Majuma mawili yaliyopita, saa saba mchana, jua likiwaka na hapa hakuna hata wingu, Chacha wa kituo cha juu akaita huku anahema. Maji yamevunja kingo, yanashuka na miti mizima, yatatufikia kabla ya jioni. Nasi tulipohamia kijiji kipya nyumba zilipangwa kwa mistari huko huko bondeni. Nikatimua mbio hadi kwa Mzee Marwa nikamwomba apige yowe, maana huku yowe likipigwa kila mtu huacha alichoshika.

Akakataa. Mama, nilitaka kumkunja shati! Kumbe kwao hapigi yowe ila aliyeiona hatari kwa macho yake, na anayelipiga bure hasikilizwi tena mpaka anaingia kaburini. Kibaya zaidi, nilipomtajia mwenye habari, uso ulimbadilika. Chacha ni mtu wa Nyamwaga, wa ukoo ambao wameibiana ng'ombe na ukoo wake tangu enzi za babu zao.

"Hao wanataka tukimbie," alisema, "halafu wafungue mazizi."

Nikamvuta mkono hadi ofisini nikampa kile kidude. Aliinama karibu kabisa.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mwita, tata. Mwita wa Nyamwaga." Tata kwao ni baba.

"Hayo maji umeyaona wewe, ama umeambiwa?"

"Nimeyaona. Yalinifika kiunoni nikiokoa hii redio."

Mzee alikishika kidude kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Basi piga yowe wewe uliyeona."

Nikafungua spika mpaka mwisho. Chacha akapiga lile yowe lao refu, likatoka juu ya paa letu na kuenea bonde zima. Wanaume walichomoka na pinde wakiuliza, "Wapi? Wapi?" Walidhani ni wezi wa ng'ombe. Mzee Marwa akanyoosha fimbo mlimani: "Leo mwizi ni maji! Watoto na ng'ombe, wote juu!" Mimi nilimbeba bibi mmoja mgongoni, naye njia nzima akanipiga kichwani nirudi nikamchukulie kuku wake.

Huko juu tulingoja. Saa nzima ikapita, kimya. Vijana wakaanza kuniangalia vibaya. "Huyu Mswahili ametukimbiza bure," mmoja akasema. Wanawake wawili wakabeba watoto warudi. Mzee Marwa akasimama katikati ya njia, akawazuia kwa mwili wake tu. Nilijua heshima yake yote ameiweka juu ya neno la adui, tena kwa sababu yangu. Nilisali hata sijui nilisali nini.

Ndipo ikaja ngurumo. Maji mekundu, miti, mapaa ya watu. Mistari miwili ya chini iling'oka tukiitazama. Kila balozi akahesabu nyumba zake kumi, akahesabu tena. Wote wapo! Mama, nililia mbele za watu, na wale wale vijana wakanibeba juu juu.

Siku ya tatu Mzee Marwa alikuja ofisini, akakamata kidude.

"Mtoto wa Mwita, watu wangu wote wako hai. Zile ng'ombe mlichukua kwetu, nimesamehe."

Spika ikakoroma kidogo. "Asante, tata. Tulishazikula. Ova."

Kijiji kizima kilicheka, Mzee Marwa kuliko wote.

Nisalimie Rehema msomaji wetu, mjomba fundi seremala, na shangazi wa msikitini ambaye najua amenisomea dua. Sasa tunajenga mlimani. Jumamosi Chacha anakuja na wanaume kumi wa ukoo wake kutusaidia kuezeka. Haijawahi kutokea, mama. Mzee Marwa ameamuru wachinjiwe fahali, na ng'ombe waliobaki wahesabiwe kabla wageni hawajafika.

Ni mimi mwanao mwenye furaha,
Salehe