Meza Isiyomtaka Mtu Mmoja

Mtaa wa Mangwon,
Seoul.
2 Septemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Taesik,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini zitakukuta mzima huko Toronto, wewe, wifi yangu Claire na mtoto. Mgongo wako umepona? Mtoto ameshaota meno? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaochemka, na ukiendelea kusoma utajua kwa nini.

Nimeandika kwa kalamu makusudi. Kwenye simu nakueleza mambo mazito, wewe unanijibu kwa picha ya kidole gumba.

Katika barua yako umeniuliza kama Seoul ni mji salama, na kama unapendeza kwa mgeni, maana wakwe zako wanataka kuja kutembea mwezi wa kumi. Haya, nakujibu.

Usalama upo, tena wa kupindukia. Watu wanaacha simu juu ya meza ili kushika nafasi, wanaenda kupanga foleni ya kahawa, wanarudi wanaikuta. Mizigo ya watu inalala nje ya milango na hakuna wa kuigusa. Baba alisahau fuko lake la vitunguu saumu kwenye treni, na kabla ya jioni watu wa stesheni walikuwa wamenipigia nikalichukue, limefungwa vizuri kwa kamba mpya. Vitunguu vya baba vilipokewa kwa heshima kuliko baba mwenyewe.

Ndiyo, baba alikuwa hapa. Hukuuliza, lakini nakwambia.

Alikuja kutoka Uiseong mwezi uliopita, mara ya kwanza tangu tumzike mama. Nilimwomba akae kwangu wiki mbili, akipendezwa ahamie moja kwa moja. Chumba cha nyuma nilishakitoa vitu vyote. Unajua hali ya shamba sasa: mama hayupo, majirani wamekwisha, na mke wa mwenyekiti wa kijiji ameninong'oneza kwamba baba ameanguka bafuni na hakumwambia mtu. Nilitaka auone mji huu aupende, asirudi kule kufa peke yake. Ni hilo tu nililokuwa nalitaka.

Mchana mimi niko kazini. Kila jioni namwuliza, "Baba, leo umekula nini?" Ananijibu, "Nyama ya kuchoma, mwanangu. Nimeshiba mpaka hapa," na anajigusa shingo. Nami nikawa nafurahi kama mjinga.

Alhamisi umeme ulikatika ofisini, nikarudi mapema. Nikamkuta kwenye kiduka cha pale kona, amesimama dirishani, kofia mkononi, anakula tonge la wali baridi lililofungwa kwa nailoni.

"Baba, nyama ya kuchoma iko wapi?"

"Usipige kelele, Okrim. Watu wanatuangalia."

Nilimbana mpaka akasema. Kila siku alikuwa anakwenda kwenye ile mikahawa ya nyama nyuma ya soko. Kila mlango wanamwuliza, "Mko wangapi?" Anasema yuko peke yake. "Samahani baba, hapa tunaanzia watu wawili." Akawaambia atalipia sahani za watu wawili. Wakamwambia shida si sahani, shida ni meza.

Usinikumbushe kwamba ndiyo desturi yetu. Naijua. Tangu tuko watoto hatujaona lile jiko la katikati ya meza, ambalo walaji wenyewe huchomea nyama, likiwashwa kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini desturi hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na wa kula nao! Husemwa mgeni aje, mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuja, na wenyeji wakamwuliza amekuja na nani.

Nikamshika mkono baba, tukaenda mpaka mkahawa wa kwanza. Mwenye mkahawa ni mwanamke wa rika langu, aproni ya mpira, koleo mkononi.

"Karibuni! Mko wangapi?"

"Leo tuko wawili," nikamwambia. "Jana alikuwa mmoja. Juzi alikuwa mmoja. Unamkumbuka?"

Akamtazama baba, akamkumbuka. "Dada, usinivalie njuga. Meza zenyewe ndizo hizi. Nikimkalisha mtu mmoja saa ya mchana, wanne wanasimama nje. Nilimwambia arudi saa tisa."

"Mzee wa miaka sabini na tisa asubiri chakula cha mchana mpaka saa tisa?"

"Si aende akale tambi? Tambi anauziwa hata mmoja."

"Unamwita baba, halafu unamfukuza! Baba yako mzazi ungemwambia akale tambi?"

"Baba yangu mzazi angekuja na mtu!"

Wateja wakageuka kututazama, nyama zikabaki zinaungua. Ningemjibu nini? Kwamba binti yuko ofisini na mtoto wa kiume yuko Toronto, anatuma picha za vidole?

Baba ndiye aliyejibu. Aliinama kwa yule mwanamke, mzee wetu, mpaka kiunoni. "Utusamehe, bibie. Huyu binti yangu ana hasira za karibu, kamrithi mama yake." Kisha akanivuta nje. Tukaenda kula tambi. Sikumwangalia usoni, naye hakuniangalia.

Jumamosi alifunga mizigo yake. Wiki mbili zilikuwa hazijaisha. Nikamsihi, nikalia, nikamwambia nitaacha kazi ya mchana. Alikuwa anafunga viatu, hata hakuinua kichwa.

"Mji wenu mzuri, mwanangu. Nyumbani nako nakula peke yangu, lakini hakuna anayeniuliza tuko wangapi."

Akapanda basi. Chumba cha nyuma kimebaki kitupu, na sitarudisha vitu.

Nimekasirika, Taesik. Nimemkasirikia yule mwanamke, ingawa meza ni zake na watoto wake wanakula kwa meza hizo. Nimeukasirikia mji unaomrudishia mtu fuko na kumnyima kiti. Wewe nimekukasirikia zaidi, kwa sababu unaulizia raha ya wakwe zako karatasi nzima, na baba umemwandikia mstari mmoja wa salamu.

Basi waambie wakwe zako waje bila wasiwasi. Hawataibiwa, hawatapotea, na kwa kuwa ni wawili, watapokewa kwenye kila mkahawa. Baba yako ni mmoja. Kata tiketi, upande ndege hiyohiyo pamoja nao, na ukishuka usije kwangu. Nenda Uiseong ukamchukue, umlete pale nyuma ya soko saa ya mchana, ukae mbele yake na umchomee nyama.

Msalimie sana Claire, na mbusu mtoto kwa niaba yangu. Shangazi Malsun wa Andong anakusalimu. Anasema sura yako ameanza kuisahau. Mungu awalinde, awape afya, na akupe wewe aibu kidogo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Okrim