Kanga ya Ndahani

Jumatatu, 8 Machi 1943
Nimetwanga mtama peke yangu. Wajukuu wamelala kama chatu. Mgongo wauma.
Mwanangu Maganga yuko likizo. Sajini sasa! Jana nilikaa naye mbele kanisani. Nani wa kuniondoa?
Leo nimemkuta Ndahani, kijana wa jirani, kakaa tu barazani. Wao Wagogo, sisi Wanyamwezi, watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani. Nikampigia kelele: "We Mgogo, wenzio wanavaa mikanda ya jeshi, wewe nikuletee kanga?" Mama yake kacheka mpaka kashika ukuta. Kijana hakucheka.

Alhamisi, 11 Machi 1943
Ndahani kaingia jeshini. Kaondoka na Maganga kwa treni. Mama yake kaja: "Mtani, mwanao amwangalie wangu." Nikasema atarudi na cheo. Mdomo huu!

Jumanne, 6 Februari 1945
Maganga karudi kutoka Burma. Sajini meja. Anachechemea. Cheo kikubwa, uso wa mfiwa.
Ndahani amekufa. Walitakiwa watu wa kutangulia kuvuka mto. Maganga hakumtaja. Ndahani kasimama mwenyewe, kasema: "Afande, mwambie bibi ile kanga ampe mwingine."
Sikula.

Jumatano, 7 Februari
Maganga kavaa sare, kaenda kumwambia Mama Ndahani. Mimi nyuma ya nyumba, kama mwizi. Nikasikia kilio.
Habari ya kanga hakuisema. Kaniachia mimi.

Alhamisi, 8 Februari
Mwili hakuna. Wametandika shati lake mkekani. Kazi ya mtani msibani inajulikana: aige mwendo wa marehemu, awatukane wafiwa mpaka wacheke, wapate kula. Watu wote macho kwangu. Nikakaa kama gogo. Wanasema bibi ana huzuni. Huzuni gani? Nimemuua kwa utani, nimtanie tena?
Mama Ndahani hajatia kitu mdomoni tangu jana.

Ijumaa, 9 Februari
Nimemwambia yote. Kanga, mto, yote. Nilitaka anipige. Mtu mzima kupigwa, sawa tu.
Kasema: "Na mimi nilicheka siku ile."
Ugali ulikuwa mbele yake, umepoa. Kaniambia, "Mtani, mbona hunitukani? Nitakulaje?"
Nikasema, "Kula, Mgogo we, kabla hujautafuna mkeka wa watu." Sauti ilitoka mbovu. Hakucheka.
Kamega tonge. Nami nikamega.