Jeraha Lililopimwa Mara Mbili

Bagamoyo, Mfunguo Nne, siku ya sita

Kwako ndugu yangu Mwanaharusi, uliyeko Pangani. Nakusalimu wewe na wote wanaonikumbuka huko. Mimi mzima ila uso. Naandika mwenyewe, herufi zitakwenda upogo; sikutaka karani ajue haya.

Umekwisha kusikia kwamba mwanao Mikidadi kanipasua kwa fimbo, toka nyusi hadi shavuni. Nilishtaki kwa Liwali, akanipeleka hospitali nikapimwe. Daktari akaniwekea rula usoni, akasema mfupa haukuonekana, jicho linaona, basi ni jeraha dogo. Mimi Bwanausi, niliyebeba pembe toka Tabora bila kupumzika, nipewe jeraha dogo! Akataka kunishona. Nikamwambia mimi si kanzu, nikaenda zangu.

Baada ya mwezi nikarudishwa. Kidonda kimefunga vibaya, kope imevutwa chini. Daktari yule yule akaandika kubwa, kwa kuwa uso umeharibika daima. Hapo nikapotewa. Fimbo moja, uso mmoja; jeraha limekuaje hali limekwisha pona? Shehe Msabaha asema kipimo ni mfupa. Karani wa Serikali asema kipimo ni kovu. Kila nimwulizaye ana chake.

Sikufichi, nilifurahi kuitwa kubwa, mpaka karani aliponieleza kwamba jeraha kubwa si la Liwali tena, ni la Bwana Shauri, Mzungu anayehukumu wilaya, na Mikidadi aweza kufungwa miaka saba. Sasa yumo rumande. Mkewe Sihaba hupita mlangoni pangu hanisalimu.

Basi nisikilize. Hakunivizia njiani kama nilivyoshtaki. Ilikuwa kirumbizi, mchezo wetu wa kupigana fimbo. Tulipotoka harusini Zinga niliwacheka vijana wa leo kwamba fimbo hawazijui, nikamwita nyuma ya nyumba, sisi wawili tu. Alikataa, akasema, "Mjomba, umri." Nikamwita mwoga. Pigo la kwanza langu, akalikinga. La pili lake, likanikuta. Alilia huku akinifuta damu. Nawe wajua, pigo la kirumbizi halina kesi. Lakini watu walipouliza nani kakushinda, niliona heri kuviziwa.

Jumatatu nitasimama mbele ya Bwana Shauri, Bagamoyo nzima ikisikia, niseme kijana alinishinda kwa haki. Nimejaribu kuyasema peke yangu chooni, kila nikifika "alinishinda" naanza upya. Niombee yatoke.

Wape salamu Dija na wanawe, na yeyote atakayekusomea hii mwambie anyamaze hadi Jumatatu ipite.

Ni mimi kaka yako,
Bwanausi bin Kibwana